Kabla Hujavuka Sirari, Kagua Karatasi Zako

Haipiti wiki bila mtu kutuuliza swali hili: "Mimi niko na kitambulisho cha Kenya. Kwani hicho hakitoshi kuniingiza Tanzania?" Anauliza mama anayepeleka biashara yake Sirari, anauliza kijana aliyesikia kuna kibarua Tarime, na inauliza familia inayokwenda matanga Shirati. Jibu letu ni fupi na wengi hawalipendi. Kisheria, hapana, hakitoshi.

Tuelezane sababu, maana hapa ndipo watu wanachanganyikiwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo haikulazimisha kila nchi kukubali kitambulisho cha taifa kuwa hati ya kusafiria. Iliachia zile nchi zilizo tayari zikubaliane zenyewe. Kenya, Uganda na Rwanda zikakubaliana, na kuanzia Januari 2014 raia wa nchi hizo tatu wanavuka kwa kitambulisho. Tanzania haikuingia katika mapatano hayo. Kwa hiyo mtu wa Rongo akienda Busia kuingia Uganda, kipande chake kinamtosha. Akigeuka kusini, akafika Isebania ambako ni karibu zaidi na kwao, kipande kile kile hakimtoshi. Mtu ni yule yule na Jumuiya ni ile ile. Wengi waliosikia redioni ati "Afrika Mashariki sasa ni kitambulisho tu" wamerudishwa pale na mizigo yao mgongoni.

Najua wengine mtasema, "Lakini mimi ninavuka kila siku ya soko, na hakuna anayeniuliza." Ni kweli. Watu wa Isebania na Sirari wanajuana kwa sura, wengine ni shemeji na wakwe, na mtu anayekwenda kununua mchele na kurudi jioni mara nyingi haandikwi popote. Huo ni ujirani, lakini sio sheria. Siku kukiwa na msako, au uchaguzi, au ugonjwa umeingia, ujirani huo unasimama. Wazee wanakumbuka Februari 1977 Tanzania ilipofunga mpaka wakati Jumuiya ya kwanza ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Watu walikaa miaka sita bila kuwaona ndugu zao rasmi. Na juzi tu, Mei 2020 wakati wa korona, serikali ya Kenya ilifunga mpaka huo huo kwa watu, ikabakisha malori ya mizigo. Aliyekuwa upande wa pili kwa "ujirani", bila karatasi yoyote inayoonyesha aliingia lini, alikuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Basi ubebe nini?

Kitu cha uhakika ni pasipoti. Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki Septemba 2017, zile zilizo na jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye jalada. Vile vitabu vya zamani havitumiki tena hata kama tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani haijafika, kwa hivyo usifunge safari nacho. Maombi yanaanzia kwenye mtandao wa eCitizen. Usiogope kama hujui kompyuta: Huduma Center za Migori na Homa Bay zinasaidia, na hata vijana wa saiba wanajua, ila kaa hapo ukiangalia jina lako linavyoandikwa. Baadaye utakwenda mwenyewe Kisii au Kisumu kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Beba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na nakala ya kitambulisho cha mtu anayekujua ambaye atatia saini kukuthibitisha. Ada hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma ile iliyo kwenye eCitizen siku hiyo, wala usimwamini mtu wa steji.

Asiyeweza kungojea pasipoti anaweza kuuliza ofisi ya uhamiaji kuhusu kibali cha muda cha kusafiria. Hiki ni cha nchi za Afrika Mashariki tu na ni cha bei nafuu kuliko pasipoti, lakini nacho kinatolewa kwa mtu mwenye kitambulisho halali. Angalia tarehe ya mwisho wake kabla hujaondoka.

Halafu kuna kadi ya manjano, yaani ile ya chanjo ya homa ya manjano. Tanzania inaitaka kwa anayetoka Kenya. Chanjo lazima iwe imepita siku 10 kabla ya kusafiri, kwa hiyo kuchanjwa asubuhi ya safari hakukusaidii. Jambo zuri ni hili: tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani liliamua kwamba chanjo moja inatosha maisha yote. Kama uko na kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10, bado ni nzuri. Usikubali mtu akuuzie nyingine.

Ukifika kituoni, idara za nchi zote mbili zinafanya kazi pamoja, lakini mihuri bado ni miwili, wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania. Usiondoke kabla hujaona yote miwili. Raia wa Jumuiya anaweza kupewa hadi miezi sita bila malipo, na siku ulizopewa zinaandikwa. Zisome. Muhuri huo ni wa kutembea, kutibiwa, kuona jamaa au kupita, hauruhusu kuajiriwa. Kijana anayekwenda kufanya kazi atafutiwe kibali cha kazi na mwajiri wake kabla. Na wale wenye mawazo ya kufungua kinyozi, kutengeneza simu, kibanda cha kutuma pesa au kununua mazao shambani kwa mkulima, wajue kwamba Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za namna hiyo. Mama wa biashara ndogo anayevusha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 ana utaratibu wake rahisi wa forodha. Aulize hapo hapo mpakani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kabla hajamlipa mtu yeyote.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni watoto.

Mzazi anadhani mtoto anasafiri kwa karatasi za mama yake. Sivyo. Mtoto, hata wa kunyonya, anahitaji hati yake mwenyewe, na kila hati ya mtoto inaanza na cheti cha kuzaliwa. Kama mtoto anasafiri na nyanya, shangazi au mwalimu, kuwe na barua ya wazazi yenye nakala za vitambulisho vyao na namba ya simu. Afisa akikuuliza, "Huyu msichana ni wa nani na mnampeleka wapi?" usikasirike, mama. Tunajua sote kinachopita pale. Watoto wamevushwa kwenda kuwa mayaya na wachungaji bila mshahara. Na msimu wa tohara ukifika, hasa Disemba, kuna wasichana wanaovushwa kutoka upande huu kwenda upande ule, na wengine kutoka ule kuja huku, wakakeketwe mahali ambapo chifu wao hawaoni. Sheria ya Kenya ya 2011 ya kukataza ukeketaji inasema wazi kwamba kumpeleka mtu nchi nyingine ili akakeketwe ni kosa sawa na kumkeketa hapa nyumbani. Swali la afisa, likiulizwa vizuri, ni ulinzi kwa mtoto. Na njia za panya ndizo zinazoondoa swali hilo.

Cheti cha kuzaliwa si kigumu kama kimetafutwa mapema. Mtoto akizaliwa hospitalini, unapewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kabla hujatoka. Usiitumie kufungia chumvi. Akizaliwa nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu wa kata ndogo yako. Uandikishaji ni ndani ya miezi sita. Ikipita hapo inakuwa ni uandikishaji wa kuchelewa, na hapo unaanza kuombwa ushahidi zaidi: kadi ya kliniki, karatasi za shule, na kwa wengi wetu cheti cha ubatizo.

Hapa Kanisa linaingia, na niseme machache kwa sababu watu wanatuletea maombi yasiyowezekana. Kitabu cha ubatizo kinakaa katika parokia ulikobatizwa, wala hakihami na wewe. Jimbo la Homa Bay lilianzishwa mwaka 1993 kutoka Kisii, lakini kitabu kilibaki katika parokia ile ile; rudi huko. Kama ulibatizwa upande wa Tarime, parokia hiyo iko Jimbo la Musoma, na itabidi uandike barua. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, inamtaka paroko aandike majina ya wazazi, wasimamizi, na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Ndiyo sababu serikali inathamini cheti hicho. Na ndiyo sababu karani hawezi kumpunguzia mtu miaka au kumwandikia baba mwingine kwa kuombwa. Siku kitabu kimoja kikigunduliwa kina uwongo, vyeti vya parokia nzima vinatiliwa shaka.

Nizungumze na akina mama walioolewa ng'ambo. Tunawaona wengi. Binti wa Nyatike au Kuria ameolewa Rorya au Tarime, amezaa huko, kisha mume amekufa au nyumba imevunjika, na amerudi kwa wazazi wake na watoto watatu. Shuleni wanaambiwa watoto ni Watanzania. Wanapofikisha miaka 18 wanakataliwa kuandikishwa. Sikia, dada: chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alifuata uraia wa baba. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, ilibadilisha hilo. Mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa kama mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Na kifungu hicho kinawahusu hata waliozaliwa kabla ya 2010. Kwa hivyo watoto wako wana haki kupitia kwako wewe. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba wewe ni Mkenya na kwamba hao ni wako: kitambulisho chako, cheti chako cha kuzaliwa, na vyeti vyao vya Tanzania vyenye jina lako kama mama. Ukikimbia nyumba usiku, najua, hakuna anayefikiria vyeti. Lakini ukipata nafasi hata ya dakika moja, chukua hivyo kwanza, sufuria baadaye.

Kwa yule aliyekuja huku, aliyezaliwa Tanzania na ameolewa Migori, kuolewa peke yake hakumpi kitambulisho. Kifungu cha 15 kinampa haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia baada ya ndoa ya miaka 7. Ili kuhesabu miaka hiyo lazima ndoa ionekane kwenye karatasi. Ndoa ya kimila nayo inaandikishwa siku hizi, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Mahari mliyopeleka ng'ombe wangapi si ushahidi kwa afisa wa uhamiaji kama hakuna kilichoandikwa. Tunachosikitika kuona ni mabroka kumwambia mwanamke wa namna hii, "Lete elfu kadhaa, tutakutafutia baba Mkenya." Anapata kitambulisho chenye baba wa uwongo. Siku inapogunduliwa, yeye ndiye anayeshtakiwa, na watoto wake ndio wanaobaki na mama asiyejulikana ni nani.

Jambo lililo karibu na hilo ni watu wenye kadi mbili, ya Kenya mfukoni mwa kulia na ya Tanzania mfukoni mwa kushoto. Katika jamii za mpakani hii haionekani dhambi kubwa, kwa sababu mstari huu haukuchorwa na Wakuria wala Waluo. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 kwamba mstari wao ungeishia pale ambapo digrii moja kusini mwa ikweta inakutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, yaani huku kwetu karibu na Muhuru. Hawakuuliza boma la nani linakatwa katikati. Naelewa. Lakini sheria za leo ni hizi: Kenya inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine, Tanzania haimruhusu mtu mzima. Mtoto mwenye wazazi wa pande zote mbili anaweza kubeba yote mpaka miaka 18, kisha kwa upande wa Tanzania lazima achague. Anayejificha na mbili akiwa mtu mzima anaweza kupoteza ya Tanzania, pamoja na shamba alilopata kama raia huko. Familia zikae ziongee mapema, kijana akiwa bado darasani.

Majina nayo yametuchelewesha watu wengi kuliko kitu kingine. Kwenye cheti cha ubatizo ni Maria Atieno. Kwenye cheti cha shule ni Mary A. Odhiambo. Kwenye kitambulisho ni Atieno Mary na jina la mume limeongezwa. Kwetu nyumbani huyo ni mtu mmoja aliyezaliwa usiku, kwisha. Kwa mashine ya uhamiaji ni watu watatu. Upande wa Kuria shida ni kinyume chake: ukiita "Chacha Mwita!" pale steji ya Isebania, vichwa vingi vitageuka. Kwa hao jina la babu na tarehe kamili ya kuzaliwa ndivyo vinavyowatenganisha. Tofauti ndogo inarekebishwa kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili. Jina likibadilika kabisa kuna hati ya kubadili jina. Fanya hivyo kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu baadaye ni kuanza upya na kulipa upya.

Kuna nyanya zetu ambao hawana karatasi hata moja, na wajukuu wanashangaa. Kitambulisho kilianza kama kipande cha mkoloni kwa sheria ya 1915, kikatekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Wanaume Waafrika wakakivaa shingoni ndani ya kibati. Wanawake hawakuandikishwa mpaka sheria ilipobadilishwa 1978. Mama aliyekuwa mzee tayari wakati huo hakuona haja. Leo anahitaji kwenda kuzika dada yake ng'ambo, au anataka pesa za wazee. Mpeleke kwa chifu pamoja na watu wa rika lake wanaoweza kumshuhudia, na mtoto wake mmoja mwenye kitambulisho. Na kama ataulizwa maswali mengi kwa sababu anatoka mpakani, mkumbushe anayeuliza kwamba Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini tangazo huko Wajir la kuondoa ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa mipakani wanapoomba kitambulisho. Sema kwa heshima, lakini sema.

Wavuvi wa Muhuru, Karungu na Mbita, ziwani hakuna jiwe la mpaka. Upepo ukikusukuma, anayekukuta ndiye atakayesema uko nchi gani. Kitambulisho, leseni ya uvuvi na kadi ya kikundi chenu cha ufuo vifungwe ndani ya plastiki na viwe chomboni, si nyumbani chini ya godoro.

Mwisho, hati ikipotea ukiwa huko. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu upewe ripoti ya upotevu, kisha wasiliana na Ubalozi wa Kenya ulioko Dar es Salaam. Safari ya kutoka Mwanza au Musoma mpaka Dar ni ndefu na ya gharama, kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani piga picha ukurasa wa pasipoti wenye jina lako na ule wenye muhuri ukishapigwa, mtumie mtu mmoja wa familia mwenye simu, na nakala ya karatasi mwachie mtu mwingine.

Anayetaka cheti cha ubatizo aje parokiani na jina kamili alilobatizwa nalo, majina ya wazazi, na mwaka, hata wa kukadiria. Kama hukumbuki mwaka, tuambie ni padre gani alikubatiza au kigango gani. Mara nyingi hiyo inatosha kumwezesha karani kufungua kitabu kinachofaa.